Jumapili Walipocheza Wanawake Peke Yao

Mama Asumini alizikwa siku ya Alhamisi na mimi sikuwahi. Nilikuwa Kailo, nimeitwa kupika harusi, na simu iliponifikia nilikuwa nimeinamia sufuria kubwa ya wali. Sikulia. Nilimaliza kupika, nikapakua, nikapanda pikipiki kurudi mjini, na nilipofika wanaume walikuwa wametoka makaburini wananawa mikono. Nilikaa mkekani pamoja na wanawake wa nyumbani kwake nikajiambia kwamba hitima ya siku arobaini nitaipika mimi, mtu mwingine asiguse mwiko. Ikawa hivyo. Siku ya arobaini nilivuka mto asubuhi kutoka Alunguli, ninakokaa, nikakuta ua umefagiliwa, mikeka imetandikwa, na chini ya turubai amekaa mwanaume mwenye mvi, mguu mmoja ameunyoosha mbele kwa sababu goti lake halikunji. Alikuwa ametoka Kalima tangu alfajiri. Alinitazama, kisha akasema jina langu, Feza. Alikuwa Amisi, ambaye tulimwita yaya, yaani kaka mkubwa, aliyekuwa akipiga ngoma kwa Mama Asumini mwaka ule wa vita. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa sijamwona, na ukweli ni kwamba nilikuwa nikijificha nisimwone.

Nataka kueleza mwaka ule mmoja tu. Habari za wazazi wangu, nilizaliwa wapi na tulikuwa wangapi, naziacha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa nimefika mwaka wa tano wa sekondari shule ikafungwa, na Mama Asumini, ambaye si ndugu yangu, alinikuta sokoni nikiuza mihogo mitatu iliyonyauka akaniambia nije kwake niwe ninapakua chakula. Resto yake ilikuwa karibu na bandari, chumba kirefu chenye meza nne, kuta zimepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni na juu nyeupe iliyogeuka ya majivu kwa moshi. Madirisha hayakuwa na vioo. Alikuwa ametundika vitenge vya zamani, na upepo wa mto ulipovuma vilikuwa vinagusa vichwa vya watu waliokaa upande ule, nao walivisukuma kwa mkono bila kuacha kula. Nyuma kulikuwa na jiko la mafiga matatu, na nyuma ya jiko ua mpana wenye sakafu ya saruji ambayo marehemu mume wake aliimwaga kwa ajili ya kuanika mpunga. Mpaka leo nikifumba macho naweza kutembea ndani ya nyumba ile bila kujigonga.

Gari la moshi lilikuwa haliji tena. Barabara zilikuwa zimefungwa, msituni kulikuwa na wapiganaji, mjini wanajeshi waliouteka mji, na sisi katikati. Mtu akienda shamba la mbali hakuwa na hakika ya kurudi, kwa hiyo watu walilima nyuma ya nyumba, kando ya reli, hata kwenye uwanja wa mpira. Mawese tulikuwa nayo, sombe ya majani ya mihogo tulikuwa nayo, samaki wa mtoni walipatikana pale wavuvi waliporuhusiwa kushuka. Tulichokosa ni chumvi. Ilikuwa inakuja kwa ndege tu, nayo ilipotea kabla haijafika sokoni. Tulirudia kazi ya mabibi zetu: tulivuna majani ya mtoni, tukayaanika, tukayachoma, tukamwagia majivu yale maji, tukachemsha maji yale hadi yakabaki machicha ya kijivu chini ya chungu. Ladha yake ilikuwa chungu kidogo, na ilikaa kooni siku nzima. Mama Asumini alikuwa na kikopo kimoja cha chumvi ya ndege, na hicho alikifungua kwa sufuria ya wanajeshi waliokula kwetu tu. Aliniambia siku ya kwanza, bila kunong'ona, kwamba nikikosea sufuria tutalala njaa wote.

Kwetu mwaka unaanza mvua zinaporudi, mwezi wa tisa. Kiangazi kinakuwa kimetuchosha na moshi wa mashamba yanayochomwa, halafu ghafla hewa inaoshwa, mto unaanza kupanda, kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu, uyoga unauzwa kwenye majani ya ndizi, na viwavi wanaletwa kwa vikapu. Hata katika amani huo ndio wakati watu wanashona nguo na kutembeleana. Mwaka ule mvua ya kwanza ilinyesha Jumamosi, na kesho yake Mama Asumini alikaanga kumbikumbi sinia zima, akapika wali, akatuma habari kwa watu watano aliowajua kwamba waje na vyombo vyao vya muziki. Usiku hakuna aliyeruhusiwa kutembea. Kwa hiyo dansi ilianza saa nane mchana, jua likiwaka juu ya saruji, na saa kumi na moja kila mtu alikuwa ameshika njia ya kwake. Sheikh mmoja wa mtaani alikuja kulalamika, mjane Mwislamu anachezesha watu uani. Mama alimkaribisha chai ya tangawizi, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwamba watu wa mji huu hawana tena mahali pa kukutana isipokuwa kwenye matanga, na yeye ametafuta mahali pengine. Sheikh alikunywa chai, akaondoka, hakurudi kulalamika. Jumapili iliyofuata alimleta mke wake.

Shabani alikuwa mpiga gita. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye hakuwa na shule, mwembamba, mwenye vidole virefu na haya nyingi, na gita lake lilikuwa na waya mbili zilizotolewa kwenye breki ya baisikeli. Alipopiga hakuangalia watu, aliangalia miguu yao. Baada ya dansi wenzake walikaa mezani, yeye alikuja dirishani jikoni kuomba ukoko wa wali. Nilianza kumwekea. Kisha nikaanza kuuacha wali uungue kidogo makusudi, na Mama Asumini alionja, akanitazama, akaendelea na kazi yake. Hatukuwa tumeahidiana lolote, mimi na Shabani. Alikuwa anasimama nje ya dirisha anakula kwa mkono, ananieleza watoto aliowafundisha, nani alikuwa mwerevu, nani alikuwa anasinzia, na mimi ninasugua sufuria. Nimeolewa baadaye na mtu mwema, nimezaa, nina wajukuu wawili. Lakini nikiulizwa ni wakati gani maishani mwangu niliona kwamba siku inaweza kuwa fupi, ni zile saa dirishani, mkono wangu ukiwa na majivu hadi kwenye kiwiko.

Mkubwa wa wanajeshi waliokuwa wanakula kwetu tulimwita Komanda tu. Hakuwa mtu wa kelele. Alinawa mikono kwa sabuni yake mwenyewe, alisema asante kila nilipomwekea sahani, na siku moja alimpa Mama dawa ya macho. Sijui niseme nini juu ya hilo. Nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba mtu anaweza kukupa dawa ya macho na bado akafanya alichokifanya. Ilikuwa Ijumaa, mvua kubwa zimeshika, yeye na msaidizi wake wanakula samaki wa kuchoma. Walikuwa wanazungumza Kifaransa, lugha niliyosomea sekondari. Mbele yao nilikuwa msichana wa kitenge na miguu mitupu, na hawakuwa na sababu ya kufikiri kwamba ninasikia. Nilikuwa ninapanga vikombe kabatini, mgongo wangu kwao. Komanda alisema kwamba kuna masanduku ya risasi ya kupelekwa upande wa Kibombo, na magari hayapiti kwa matope, na wabebaji hawapatikani, vijana wanakimbia wakiona kofia ya jeshi. Msaidizi alisema Jumapili. Alisema kwa mama huyu wanajikusanya wenyewe, ni kufunga mlango mmoja tu. Komanda alitafuna taratibu, akasema wazo zuri. Kisha akaniita kwa Kiswahili kuomba pilipili, nikampelekea, akasema asante.

Nilimkuta Mama Asumini jikoni anatwanga sombe. Nilimwambia yote kwa sauti ndogo. Hakuacha kutwanga, nadhani kwa sababu kinu kikinyamaza wangejua kwamba tunazungumza.

"Walikuwa wangapi mezani?" aliniuliza.

"Wawili."

"Na chumbani mulikuwa nani mwingine?"

"Mimi peke yangu."

"Basi Jumapili wakikuta hii lupango yangu, hapa uani, haina muntu, watajua njo wewe ulisikia." Alitwanga tena mara tatu, nne. "Dansi itakuwa. Vijana wasikuje, lakini dansi itakuwa."

Siku ya pili, Jumamosi, alitembea hadi jioni. Alikwenda sokoni, alikwenda kwenye matanga mawili, alipita kwenye visima, na kila mahali aliwaambia akina mama maneno yaleyale: kesho mje ninyi, mje wengi, mvae vizuri, na kijana yeyote aliye nyumbani kwenu kesho ana homa. Hakueleza zaidi na hawakuuliza. Walikuwa wamekwisha kuzoea kuelewa kwa maneno machache.

Walibaki wapiga muziki. Mama alikuwa amewaita asubuhi ileile, kabla hajatoka, chumbani kwake, mimi nikiwa nimekaa mlangoni na mpunga wa kupepeta. Aliwaeleza kwamba hawezi kuwalazimisha. Walizungumza sana. Mmoja alisema wanajeshi hawawezi kuchukua wapiga muziki, kwani nani atawapigia Jumapili nyingine? Mwingine akacheka, akasema kweli, Komanda mwenyewe anatikisa kichwa wimbo ukimpendeza. Amisi hakuwa na uhakika. Shabani alingoja wamalize, ndipo akasema kwamba ua wenye wanawake tu bila muziki si dansi, ni mkutano, na mkutano utaulizwa ni nani aliyeuitisha. Wote watano walikubali kuja. Nilisikia kila neno na nilijua kwamba walikuwa wanazungumza juu ya shingo yangu, ingawa hakuna aliyetaja jina langu.

Sikukubali. Mjomba wangu alikuwa mvuvi, na Jumamosi ile walikuwa wameruhusiwa kushuka mtoni hadi adhuhuri. Nilikimbia kwake nikamwomba amvushe Shabani upande wa Alunguli, kisha nikamtumia Shabani ujumbe kwamba nipo ufukoni ninamngoja. Alikuja. Nilifikiri amekuja kuvuka. Mjomba alikuwa ameshika kasia, mtumbwi nusu majini, na Shabani akasimama kwenye matope na viatu vyake vya ualimu, akaniambia kwamba amekuja ili nisiendelee kungoja. Nilimwambia gita moja likikosekana hakuna atakayejua. Alisema yeye atajua. Nilimwambia wengine wabaki, yeye aende. Alisema hawezi kumwachia Amisi jambo hili. Alikuwa anazungumza kwa upole, na upole ule ulinikasirisha kuliko kama angenigombeza. Nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa na hofu, na sikuwa bado najua kwamba hofu inaweza kutoka mdomoni ikiwa imevaa hasira. Nilimwambia, "Ukibaki, usinisemeshe tena. Hata salamu, usinipe." Akasema sawa. Akanisaidia kupanda ukingo, kwa sababu kulikuwa na utelezi, kisha akaenda zake.

Jumapili ile jua lilitoka baada ya mvua ya asubuhi. Walikuja wanawake ambao sikuwahi kuwaona kwa Mama Asumini. Walikuja mabibi wenye mikongojo, wake wa wafanyakazi wa reli, masista wawili waliovaa kiraia, mke wa sheikh, wauza mawese ambao mikono yao haitoki rangi. Wote walikuwa wamevaa vitenge walivyokuwa wameviweka sandukuni tangu amani, na harufu ya vidonge vya nondo ilijaa uani. Mwanzoni waliona haya. Kisha Shabani akapiga wimbo wa zamani ambao mabibi waliujua, na bibi mmoja akatupa mkongojo wake juu ya benchi, akamshika mwenzake kiunoni, wakaanza. Baada ya hapo ua wote ulicheza. Nimeona dansi nyingi na nimepika kwenye harusi nyingi, lakini sijaona tena watu wakicheza namna ile, wanawake na wanawake, nyuso zimetulia, macho yanaangalia mlango. Shabani alitimiza neno langu. Nilipita mbele yake na sinia la viazi vitamu mara tatu na hakunisalimu.

Komanda na watu wake waliingia saa tisa. Mlango ulifungwa na wanajeshi wakasimama kando ya ukuta. Komanda alitazama huku na huku, na niliona kwamba ameelewa jambo, lakini hakujua ameelewa nini. Alimwuliza Mama Asumini vijana wako wapi.

"Homa iko mujini, Komanda," Mama alimjibu. "Mvua hizi."

Alitikisa kichwa. Aliomba kiti, akaomba chai, nami ndiye niliyempelekea. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza, nikaangalia chini, nikaweka sukari. Kisha akawaambia wapiga muziki waendelee, na wao wakaendelea, na wanawake wakacheza kwa sababu hakuna aliyethubutu kukaa. Alisikiliza wimbo ule hadi mwisho. Alipiga makofi. Alimaliza chai yake, akaweka kikombe juu ya benchi kwa uangalifu, akasema kwamba watano wanatosha kuanzia. Wanajeshi wakawasimamisha. Amisi alitaka kubeba ngoma yake, wakamwambia aiache. Shabani aliegemeza gita ukutani, akavuka ua wote mbele yetu, na alipofika niliposimama alinitazama. Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo kinywani. Mikono yangu ilikuwa imeshika sinia na nilifikiri kwamba nikifungua mdomo nitapiga ukelele na wote tutakwisha. Aliinua kidevu kidogo, bila neno, kama nilivyomwagiza, akapita.

Hakuna kijana mwingine aliyechukuliwa siku ile. Nimejaribu miaka yote kulipima hilo na sijui mizani yake. Kuna wanaume mjini leo, baba wa watoto, wanaendesha pikipiki, wanafundisha, wanaswalisha watu, ambao hawajui kwamba Jumapili ile walikuwa na homa kwa sababu msichana mmoja alikuwa anapanga vikombe. Sikumwambia mtu. Mama Asumini pia hakusema, na tangu siku ile hadi anakufa, mimi na yeye hatukulizungumza hata mara moja. Resto ilifungwa. Nilirudi kwa mjomba nikalala chini ukutani, sikula, sikupika, sikuoga isipokuwa shangazi aninyanyue. Nilikuwa hivyo karibu miezi miwili. Baadaye wapiga muziki watatu walirudi kwa miguu, wamekonda, na Amisi mguu wake umeharibika. Nilisikia kwamba alikuwa amekwenda kwa familia ya Shabani kuwapa habari, wakaweka matanga. Nilisikia kwamba alikuwa ananitafuta. Nilivuka mto nikakaa Alunguli hadi nilipoambiwa kwamba ameondoka kwenda Kalima kuchimba mawe ya bati. Sikutaka mtu aniambie jinsi ilivyokuwa. Maadamu sikuambiwa, niliweza kufikiri kwamba Shabani hakuwa na hasira nami, na siku nyingine niliweza kufikiri kwamba alikuwa nayo, na siku zile ndizo zilizokuwa nyingi.

Kwenye hitima nilimpakulia Amisi mimi mwenyewe, pilau na nyama, nikamletea maji ya kunawa. Alikula polepole. Watu walipokwisha kusoma na kuanza kutawanyika aliniomba nikae, nikakaa kwenye ukingo wa mkeka. Hakuuliza kwa nini nilimkimbia. Alisema kwamba walitembea siku kumi na sita, masanduku kichwani, mvua haikatiki. Shabani alishikwa na homa siku ya kumi na moja. Siku ya kumi na nne aliketi kando ya njia, na mwanajeshi aliyekuwa nyuma yao, ambaye hakuwa mbaya kupita wengine, aliwaruhusu wamweke chini ya mti na kumfunika majani. Walipopita pale wakirudi, Amisi na mwenzake mmoja walimzika. Amisi alikumbuka mahali penyewe. Akasema kwamba kama miguu ingekuwa ile ya zamani angenipeleka.

"Kuna kitu nilitaka kukuambia toka siku ile," alisema. "Kila siku saa sita walikuwa wanatupumzisha. Chakula hatukuwa nacho. Yeye alikuwa anatazama jua, anasema: sasa hivi Feza anapakua. Ameanza na meza ya dirisha. Sasa amefika ya pili. Alikuwa anatuambia ni chakula gani, siku hii samaki, siku hii sombe, na sisi tunanyamaza tunasikiliza. Mpaka siku ya mwisho. Ile ilikuwa inamutuliza."

Wanawake walikuwa wanakusanya sahani na mmoja aliniita kuuliza wali uliobaki tuuweke wapi, nikamwashiria kwa mkono.

Amisi alinisogelea kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyefanya kazi chini ya ardhi miaka mingi. "Nimejiuliza sana," alisema. "Zile saa sita, ulikuwa unapakua kweli?"

Nilimwona akingoja. Nilikumbuka ukuta wa mjomba, na nzi, na sahani ambayo shangazi alikuwa anaiweka karibu na kichwa changu na kuiondoa jioni ikiwa vilevile.

"Ndiyo, yaya," nilimwambia. "Kila siku. Nilikuwa naanza na meza ya dirisha."